Mama yuko dayalisisi, kachomwa sindano ya mifupa kalsiamu ikaporomoka, dozi ya pili tuchome au tuache?

BintiWaKwanza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaouguza mtu wa figo au mnaofanya kazi kwenye vitengo vya dayalisisi.

Mama yangu ana miaka 71, figo zilishashindwa kabisa, huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Miezi kadhaa nyuma alianguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo tu yani aliteleza akajizuia na mkono basi, kumbe mfupa ulishachoka. Kliniki ya mifupa wakampiga kile kipimo cha uzito wa mifupa wakasema imepungua sana, dawa yake ni sindano ya denosumabu, ile Prolia, miligramu 60 chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Tukaambiwa hii ndo inamfaa mtu wa figo kwa sababu haitolewi na figo. Tulifurahi kweli. Akapewa na vidonge vya kalsiamu na vitamini D ya kawaida tukarudi nyumbani.

Wiki ya tatu akaanza kulalamika midomo imekufa ganzi na ncha za vidole zinachoma choma kama sindano. Mimi nikadhani ni uchovu wa mashine mana siku za dayalisisi huwa anachoka. Siku mbili mbele vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, kidole gumba kinaingia ndani ya kiganja hakifunguki mpaka umkandekande. Usiku huo akashikwa na degedege. Kufika hospitali kalsiamu imeshuka mpaka 1.62 (mmol kwa lita), na umeme wa moyo wakasema umevurugika. Kalazwa siku tisa, dripu ya kalsiamu mchana na usiku.

Ashukuriwe Mungu yuko nyumbani saivi. Tatizo langu ni kwamba imebaki wiki tano miezi sita itimie. Daktari wa mifupa anasema msiiache hiyo sindano, mkiiacha uti wa mgongo utaanza kuvunjika. Daktari wa dayalisisi anasema mama asiguswe tena na hiyo dawa. Wote wawili nawaheshimu, ila hawajawahi kukaa meza moja, mimi ndo nabeba faili kutoka huku kwenda kule. Alafu kuna kitu sijakielewa mpaka leo, dawa isiyopita kwenye figo inamdhuruje mtu wa figo?

MwakaWaSaba

Pole sana dada, na mama mpe pole. Hiyo ya vidole kujikunja naijua, mimi mwenyewe niko kwenye mashine mwaka wa saba na iliwahi kunikuta, sio kwa sindano ila baada ya kutolewa tezi za shingoni. Usijilaumu kwamba ulidhani ni uchovu, hata mimi nilikaa siku nzima nikisema itapita. Ila kuanzia sasa ganzi ya midomo kwa mgonjwa huyo ichukulie kama moshi ndani ya nyumba, usisubiri uone moto.

Wanaojua zaidi watakuja. Mimi nakuuliza kitu kimoja tu, PTH yake, ile homoni ya tezi za shingoni, ilikuwa ngapi kabla hajachomwa?

NesiWaMashine

Dada pole, na nashukuru umeandika kwa kirefu mana kuna watu wengi wako njia hiyo hiyo na hawajui.

Nianze na lile swali lako la mwisho kwa sababu ndo linafungua mengine. Waliokwambia haitolewi na figo hawakukudanganya. Denosumabu ni kingamwili, haihitaji figo kuivunja wala kuitoa, tofauti na dawa zingine za mifupa, vile vidonge vya alendroneti au sindano ya asidi ya zoledroniki ambazo figo zikishuka chini ya 35 kwenye kipimo cha uchujaji haitakiwi mtu apewe. Kwaiyo ni kweli dawa haiumizi figo na figo mbovu haziifanyi irundikane. Tatizo liko kwenye mfupa, sio kwenye figo.

Chukulia mfupa ni ghala la kalsiamu. Kuna seli zinazobomoa mfupa na kuachia kalsiamu iingie kwenye damu, na kuna zingine zinazojenga, zinachukua kalsiamu kwenye damu zinaipaka kwenye mfupa. Mtu mzima wa afya, damu yake ikipungukiwa kalsiamu ana njia tatu za kujiokoa: utumbo unanyonya zaidi, figo zinazuia isitoke na mkojo, na mfupa unaachia kidogo. Sasa mama figo hana, kwaiyo njia moja imekufa. Vitamini D ili ifanye kazi lazima iamshwe na figo, kwaiyo hata ile ya kwenye vidonge alivyopewa haikuwa inaamka vya kutosha na utumbo haunyonyi vizuri, njia ya pili nayo imelegea. Imebaki mfupa peke yake. Tezi nne ndogo za shingoni zinalijua hilo, ndo mana zinamwaga homoni ya parathairoidi, hiyo PTH, usiku na mchana kuulazimisha mfupa uachie. Damu ya mama ilikuwa inaishi kwa mkopo wa mifupa.

Alafu ikaja sindano ikafunga mlango wa ghala. Inashika protini inayoitwa RANKL ambayo ndo inaziamsha seli za kubomoa. Wabomoaji wamelala, ila wajenzi hawajaguswa, wanaendelea kuchota kalsiamu kwenye damu kama kawaida. Na kadiri PTH ilivyokuwa juu kabla ya sindano ndivyo wajenzi wanavyokuwa wengi, kwaiyo anguko linakuwa kubwa zaidi. Vidonge viwili vya kalsiamu kwa siku havitoshi kabisa hapo.

Na hili halikuanza kwa mama. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari ya kwanza Novemba 2022, alafu Januari 2024 wakaweka onyo la kiwango cha juu kabisa kwenye karatasi ya Prolia, lile linalofungiwa ndani ya boksi, kwamba wagonjwa wa figo za hatua za mwisho na hasa walioko dayalisisi wanaweza kupata kalsiamu ya chini sana mpaka kulazwa au kufa. Utafiti waliousimamia uliangalia wanawake wa miaka 65 kwenda juu walioko dayalisisi, ndani ya wiki 12 kalsiamu ilishuka vibaya kwa asilimia 41.1 ya waliochomwa denosumabu, wale wa vidonge vya kundi la alendroneti ilikuwa asilimia 2. Wao kushuka vibaya walimaanisha chini ya 1.88, mama alifika 1.62.

Sasa angalia muda. Bonde la kushuka linakuja kati ya wiki ya 2 na ya 10. Vitengo vingi vya dayalisisi vinapima kalsiamu mara moja kwa mwezi. Mtu anaweza kupimwa leo, akachomwa wiki inayofuata, akatumbukia bondeni na kuanza kupata degedege kabla kipimo kingine hakijafika. Ndo mana onyo linasema pima kila wiki mwezi wa kwanza, baadae kila mwezi. Sisi kwetu mtu akichomwa huko nje bila kutuambia hatuna namna ya kujua, na hilo linaniuma sana kwa sababu huyo mgonjwa namuona mara tatu kwa wiki, damu yake iko mikononi mwangu, ningeweza kuchukua chupa moja tu ya ziada.

BintiWaKwanza

Dada nesi nimesoma mara mbili, nimelia lakini nimeelewa. Hakuna aliyewahi kunieleza hivo.

@MwakaWaSaba nimeenda kufukua mafaili. Faili la kliniki ya mifupa halina PTH kabisa. Faili la dayalisisi lina PTH 940, ilipimwa miezi miwili kabla ya sindano. Na kwenye dawa zake kulikuwa na sinakalseti kidonge kimoja kila siku. Yani hiyo namba ilikuwepo, imekaa kwenye jengo lingine.

MwakaWaSaba

Hapo ndo penyewe dada. 940 ni kubwa. Kwa sisi wa mashine PTH inaruhusiwa kuwa juu kuliko mtu wa kawaida, miongozo inasema mara 2 mpaka 9 ya kikomo cha juu cha maabara, kama kikomo chao ni 65 basi ni kati ya 130 na 585 hivi. Na sinakalseti yenyewe kazi yake ni kuzinyamazisha tezi na inashusha kalsiamu, kwaiyo mama alikuwa anashushwa na dawa mbili kwa wakati mmoja na mifupa imefungwa.

Msafiri_T

Mimi nashauri acheni hizo sindano zote jamani, dawa za kisasa zina madhara. Mama apewe kalsiamu kwa wingi, vidonge hata sita nane kwa siku, mifupa si inatengenezwa na kalsiamu? Na hizo vitamini D za nguvu. Mifupa itarudi yenyewe.

MwakaWaSaba

Ndugu Msafiri najua unamtakia mama heri lakini hapana, tafadhali dada usifanye hivo kienyeji. Mimi nilifanya. Baada ya ile operesheni ya tezi niliogopa sana kalsiamu kushuka tena nikawa nameza vidonge kuliko nilivyoandikiwa, na kalsitrioli, ile vitamini D ambayo tayari imeshaamshwa, juu yake. Miezi minne baadae kalsiamu yangu ilipanda mpaka 2.95, kichefuchefu, kufunga choo, akili nzito nasahau hata majina ya watoto, ngozi inawasha usiku kucha. Mtu mwenye figo nzima kalsiamu ya ziada anaikojoa. Sisi hatuikojoi. Inaenda kukaa kwenye mishipa ya damu na kwenye milango ya moyo, na ikishaganda pale haitoki. Picha yangu ya kifua inaonyesha mshipa mkubwa umechorwa mweupe kama mfupa.

Kwaiyo kwa mgonjwa wetu kuna shimo upande huu na shimo upande ule, na njia katikati ni nyembamba. Dozi lazima zifuate kipimo.

Msafiri_T

Nimekuelewa kaka, sikulijua hilo la kutokojoa. Samahani dada, usifuate niliyosema.

DukaLaDawaLaZamani

Nimefanya kazi ya famasia miaka mingi, niongezee machache ambayo sijaona yametajwa.

La kwanza ni namna anavyokunywa kalsiamu. Wagonjwa wa dayalisisi wengi wanapewa kalsiamu kaboneti wanywe pamoja na chakula, lengo hapo ni ikashike fosfeti tumboni itoke na choo. Ikishashika fosfeti haiingii kwenye damu ya kutosha. Kama lengo ni kupandisha kalsiamu ya damu inanywewa katikati ya milo. Kidonge ni kilekile, saa tofauti, kazi tofauti, na mara nyingi mgonjwa haelezwi. Na kama anatumia dawa za kuzuia asidi ya tumbo za kundi la omeprazo, kalsiamu kaboneti inanyonywa vibaya, hizo hizo zikitumika muda mrefu zinashusha magnesiamu, na magnesiamu ikiwa chini unaweza kumimina kalsiamu kwenye dripu siku nzima haipandi. Waulize kama waliipima.

La pili, kalsiamu ikiwa chini umeme wa moyo unarefuka, na kuna dawa za kawaida kabisa zinazourefusha zaidi, azithromaisini, siprofloksasini, domperidoni ya kichefuchefu. Kwenye zile wiki za bondeni mama akipata kikohozi asinunuliwe antibayotiki dirishani.

La tatu, hiyo 1.62 yenu muulize daktari kama ilisahihishwa kwa albumini, ile protini ya damu. Nusu hivi ya kalsiamu ya damu inatembea imeshikana na protini, mgonjwa mwenye albumini ndogo anaweza kuonekana ameshuka kuliko uhalisia. Mfano albumini ni 28 badala ya 40, unaongeza 0.02 kwa kila gramu iliyopungua, kwaiyo 1.62 inakuwa 1.86. Kwa mama sina shaka ilikuwa chini kweli, degedege na vidole vimesema vyenyewe, lakini huko mbele mtakapokuwa mnafuatilia kila wiki tofauti hiyo inaweza kuwachanganya. Pakiwa na kipimo cha kalsiamu huru, ile isiyoshikana na protini, ndo bora zaidi.

Sasa kuhusu kuchoma au kuacha. Ningependa watu waelewe kwamba daktari wa mifupa hajasema kitu cha ajabu. Hii dawa haikai kwenye mfupa kama alendroneti ambayo inabaki humo miaka. Nguvu yake ikiisha, wale wabomoaji waliolala wanaamka wote kwa pamoja wakiwa na njaa, na kuna watu wamevunjika pingili mbili tatu za mgongo kuanzia mwezi wa saba tangu sindano ya mwisho. Kwa mtu wa kawaida anayeiacha tunamhamishia kwenye alendroneti au asidi ya zoledroniki ili kuufunika mfupa, kwa mama hizo ndo zimezuiliwa na figo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa waliochoma miaka mingi na waliowahi kuvunjika mgongo, mama kachoma mara moja tu, hilo liko upande wake. Ila kuiacha kimya kimya bila mpango nako sio salama, na kumchoma tena akiwa na PTH 940 bila maandalizi ni kurudia yaleyale. Wale madaktari wawili wote wana ukweli, kila mmoja ameshika nusu.

NesiWaMashine

Nakubaliana na mzee wa famasia neno kwa neno. Niongeze tu kwamba swali la kwanza kabisa lilipaswa kuwa, je huu udhaifu wa mifupa ni wa uzee au ni wa figo? Kile kipimo cha uzito wa mifupa kinakwambia mfupa ni mwepesi, hakikwambii kwanini. Mgonjwa wa dayalisisi mwenye PTH juu mifupa yake inabomolewa kwa kasi. Mwingine PTH iko chini sana na mfupa umelala, haubomoki wala haujengwi, huyo ukimpa dawa ya kuzuia kubomoa unazidi kuulaza mfupa ambao tayari umekufa ganzi. Wote wawili kwenye picha wanaonekana sawa. Ndo mana PTH, fosfeti, fosfatesi alkalini, vitamini D na kalsiamu vinatangulia sindano.

Na kama ikiamuliwa achomwe tena, kwetu tungetaka haya: kalsiamu iwe imetulia kabla, kalsitrioli ianze mapema, sinakalseti ijadiliwe kama isimame kwanza, na maji ya dayalisisi yapandishwe kalsiamu. Watu hawajui kwamba yale maji yenyewe yana kalsiamu, mengi ni 1.25 au 1.5, yapo ya 1.75. Kila akiunganishwa anaweza kuongezewa kidogo bila kumeza kitu. Damu ichukuliwe kabla hajaunganishwa, ukichukua akishamaliza mashine imeshampandisha na utaona namba nzuri ambayo kesho yake haipo.

BintiWaKwanza

Narudi kuwapa mrejesho, samahani nimechelewa.

Nilichukua PTH ya 940, orodha ya dawa na karatasi ya siku alizolazwa nikaviweka kwenye bahasha moja, nikamuomba daktari wa dayalisisi ampigie simu yule wa mifupa nikiwa nimekaa palepale mbele yake. Mwanzoni alisita alafu akapiga. Waliongea kama dakika ishirini, na daktari wa mifupa ndo siku ya kwanza anaisikia hiyo namba ya PTH. Hakubisha, alinyamaza kidogo akasema hangeanza na sindano.

PTH imerudiwa, 1,120. Magnesiamu ilikuwa chini kweli, mzee wa famasia Mungu akubariki, alikuwa na omeprazo tangu mwaka juzi na hakuna anayekumbuka ilianzishwa kwa nini, imesimamishwa. Kalsiamu kabla ya mashine sasa ni 2.12. Wameamua dozi ya pili haichomwi kwa tarehe ile. Wanashughulikia tezi kwanza, kalsitrioli imeongezwa, na maji yake yamebadilishwa kuwa 1.5. Mgongo umepigwa picha, hakuna pingili iliyovunjika. Ila hawajafunga mlango, wamepanga kukutana tena wote wawili kabla mwezi wa saba tangu sindano haujaisha, wakiona lazima achomwe atalazwa kabisa na kupimwa kila wiki.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua usiku. Mama anaogopa kulala. Anasema akifumba macho anahisi midomo inaanza ganzi, alafu akiamka haipo. Je inaweza kuwa kweli inashuka au ni hofu?

NesiWaMashine

Inaweza kuwa yoyote kati ya hizo na usibahatishe kwa mgonjwa huyu. Ikimjia tena, hata usiku, mpeleke akapimwe kalsiamu na umeme wa moyo palepale, na siku ya mashine mwambie nesi wake achukue chupa ya ziada kabla hajaunganishwa. Namba zikija nzuri mara tatu nne mfululizo muonyesheni mama mwenyewe, mwandikieni kwenye karatasi kubwa azisome. Wagonjwa wangu wawili walianza kulala hivo.

MwakaWaSaba

Mwambie mama mimi pia ilinichukua miezi kadhaa. Kama anapenda kuongea na mtu aliyepitia, niandikie pembeni nitampigia siku ambazo sina mashine.